Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasomaji

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: tulikutana mara 10, kumbukumbu anazo katibu, na kabati la vitabu limepata kufuli jipya.

Ninalolazimika kulieleza kwa kirefu ni orodha ya vitabu vya kusoma likizo ya kiangazi. Imesemwa, tena na watu ambao hawakuhudhuria, kwamba niliondoa riwaya nzito nikaweka "vitabu vya kuchekesha" kwa matakwa yangu. Mkutano wa kupanga orodha niliuitisha mara mbili. Kwanza tulikuwa 6, kisha 5, kati ya wanachama 38. Akidi haikutimia, na katiba yetu inamruhusu mwenyekiti kuamua katika hali hiyo. Niliamua, na leo ningeamua vilevile.

Nilichagua Three Men in a Boat cha Jerome K. Jerome (1889), The Innocents Abroad cha Mark Twain (1869) na Travels with a Donkey in the Cévennes cha Robert Louis Stevenson (1879). Vyote vinapatikana bure kwenye intaneti, kwa hiyo dai la kuwatia watu gharama halina msingi.

Wanaoviita vyepesi nawaomba wavisome hadi mwisho. Kwa Jerome, wanaume watatu wanapiga makasia katika mto Thames wakiwa na kopo la nanasi bila kifungulio. Wanalishambulia kwa kisu, mkasi, jiwe na mlingoti, na mwishowe wanalitupa mtoni likiwa halijafunguka. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado machozi ya kicheko hunitoka. Lakini katika kitabu hichohicho, karibu na Goring, wanaona maiti ya mwanamke ikielea, na mwandishi anasimulia maisha yake kwa huruma kubwa. Twain naye, aliyesafiri kwa meli ya Quaker City mwaka 1867, anawacheka wasafiri wenzake wanaosubiri kitabu cha mwongozo kiwaambie wastaajabie nini. Stevenson anahangaika siku 12 na punda wake Modestine, na akishamuuza, analia. Hiyo ni fasihi kamili. Tena sura za vitabu hivi zinafaa likizo: unasoma moja, unalala, unaendelea kesho bila kupoteza uzi.

Jioni niliyosoma kwa sauti sura ya Jerome ya kufunga mizigo, ile ya siagi iliyokaliwa kitini, waliokuwepo hawakutaka tuondoke. Nakala 4 zilizozunguka zilikuwa zangu binafsi. Nalitaja hili kwa sababu hakuna aliyelitaja.

Hata hivyo, kikao cha kufunga likizo kilihudhuriwa na watu 9, na waliomaliza vitabu vyote walikuwa 3. Hili limeniumiza kuliko lawama. Mtu anayepinga orodha aje aipinge akiwa ameisoma.

Kuhusu ada, wanachama 21 hawajalipa, na baadhi yao ndio wenye malalamiko marefu zaidi. Mhazini amekumbusha mara tatu.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kuongeza vitabu vya safari, na pengine siku moja kutafsiri sura moja ya Jerome kwa Kiswahili. Wenye moyo wajitokeze.

Nakala yangu ya Twain bado haijarudi. Aliyenayo ailete kwa katibu.

Mwenyekiti