Barua ya wazi kwa msimamizi wa elimu: Watoto wa Lamu wafundishwe tabianchi darasani

Mheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima tunakuandikia hadharani, maana barua tulizozileta kwa mkono hazikujibiwa. Wiki iliyopita tulikwenda tena kuulizia. Afisa mmoja akatwambia tabianchi ni mambo ya vilabu vya mchana, kwenye mtihani hayamo. Subira yetu iliishia pale mlangoni.

Mheshimiwa, Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 inataka elimu hii iingizwe katika mitaala ya ngazi zote. Nawe ulipokuja kwetu ulisimama mbele ya wazazi ukaahidi kuisimamia. Wazazi hawajasahau.

Mdogo wangu yuko shule ya upili ya chini. Daftari lake lina mchoro wa dubu mweupe juu ya kipande cha barafu. Nilimuuliza mbona maji ya kisima chetu yamekuwa ya chumvi, hata chai hainyweki. Hakujua. Mimi nashuku bahari imepanda, tena maji yanavutwa kupita kiasi, lakini nabuni tu, sikufundishwa. Na yale machuguu ya mchanga ya Shela, kijiji jirani na mji wa Lamu, ndiyo yanayouwekea mji maji matamu: mvua hupenya mchangani, ikakaa juu ya maji ya chumvi. Watoto huteremka mbio mchangani humo bila kujua wanacheza juu ya maji yao ya kunywa.

Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko Lamu. Ukataji ulipopigwa marufuku mwaka 2018, baba zetu walikaa bila kazi, boriti zikabaki msituni. Hakuna aliyewaeleza watoto wao kwamba tope lile la mikoko limehifadhi kaboni ya miaka na miaka, ambayo ikiachiwa hewani huzidisha joto la dunia.

Mwaka 2019 leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, huku kwetu Lamu, ilifutwa, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwananchi atashiriki vipi katika jambo ambalo hakulisoma popote?

Hatudai majengo. Tunaomba walimu wetu wapewe mafunzo, na kitabu ambacho ndani yake imo Shela, imo mikoko, zimo pepo za kusi na kaskazi. Tunaomba tabianchi ifundishwe darasani, Mheshimiwa. Ifundishwe darasani na itahiniwe, kuanzia muhula ujao. Na safari hii tujibu kwa maandishi.

Wako,
Kijana wa Langoni, Lamu, kwa niaba ya wenzangu