Wifi, somo la jeni limesimama nyuma ya nyumba yenu

Wifi yangu mpendwa,

Habari za Simbo? Watoto hawajambo? Ujumbe wako nimeupata. Unasema binti yuko kidato cha nne, amefika mada ya jenetiki, na kila usiku anakariri aleli, jenotaipu na fenotaipu mpaka wadogo zake nao wameyashika, lakini ukimwuliza maana anainama. Umeniomba nimtafutie mwalimu wa tuisheni hapa Ujiji. Nitamtafuta ikibidi. Ila kabla hujatoa hela, mpeleke kwenye michikichi yenu.

Achukue panga, apasue chikichi mbili katikati: moja ya ile michikichi ya zamani, moja ya ile mipya mliyopanda kwa miche ya kituo cha utafiti cha Kihinga. Ya zamani ina ganda nene na nyama kidogo. Hiyo ni dura. Ya kisasa ganda lake ni jembamba, limezungukwa na vitone vyeusi vya nyuzi, na nyama yake ni nono, ndiyo maana inatoa mawese mengi. Hiyo ni tenera. Kuna ya tatu, pisifera, isiyo na ganda kabisa. Hiyo sidhani kama mmeizoea, kwa sababu mara nyingi mikungu yake huharibika kabla ya kukomaa.

Tofauti yote hiyo ya ganda inatokana na jeni moja. Waliolionyesha ni Beirnaert na Vanderweyen, mwaka 1941, kwa kazi waliyoifanya Yangambi, hapo Kongo kwa majirani zetu. Kila mchikichi una nakala mbili za jeni hiyo: moja ya mti mama, moja iliyoletwa na chavua. Iiteni G ile nakala yenye kuleta ganda, na g ile isiyoleta. Dura ni GG. Pisifera ni gg. Tenera amepata moja huku na moja kule, ni Gg, na ganda lake limekuwa la katikati. Basi G na g, kila moja ni aleli; jozi ya herufi hizo ndiyo jenotaipu, na kile alichokiona panga lilipopita ndiyo fenotaipu. Mwache ayaseme mwenyewe huku ameshika chikichi mkononi.

Sasa mwulize swali ambalo wakulima wetu wanaliumia: kwa nini tusiokote tu mbegu chini ya tenera ya jirani tukapanda? Akae na sarafu mbili, kila sarafu ni mzazi mmoja wa tenera, upande mmoja ni G na mwingine g, azirushe pamoja mara nyingi na kuandika. Atakuta takribani robo ni GG, nusu ni Gg, robo ni gg. Yaani hata tenera ikichavushwa na tenera, kati ya miche minne mmoja unarudi kuwa dura na mmoja unakuwa pisifera usio na faida shambani, na mwenye shamba hatajua mpaka miaka mitatu hivi ipite, mti uanze kuzaa. Ndiyo kazi ya Kihinga: wanafunika ua la dura lisiguswe na chavua ya nje, kisha wanalichavusha kwa chavua ya pisifera. GG kwa gg, watoto wote ni Gg. Mtoto akiliona hilo, hahitaji tena kukariri jedwali.

Hapa uwe naye karibu, wifi, kwa sababu hesabu hiyo hiyo inaingia nyumbani kwa watu. Selimundu inarithiwa kwa njia hiyo. Mwiteni A ile nakala ya kawaida, na S ile ya selimundu. Baba na mama wote wakiwa AS, hawaumwi, lakini kila mimba ina uwezekano wa robo kupata mtoto wa SS, ambaye ndiye mgonjwa. Kila mimba, si mtoto wa nne. Wanafunzi wengi hukosea hapo, wakidhani watoto watatu wakizaliwa wazima basi zamu ya wa nne imefika. Sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana. Na mtoto wa SS amepokea nakala moja kwa baba na moja kwa mama. Nimeona wanawake wakisimangwa na ndugu wa mume kwamba wameleta ugonjwa kwenye ukoo, na inaniuma sana. Nataka binti yetu aijue hesabu hii vizuri kiasi cha kusimama msibani na kuwajibu wazee kwa heshima. Amalizie na sababu ya AS kuwa wengi huku kwetu: anayebeba nakala moja hukingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali, na mbu wa ziwani unawajua.

Kuhusu bioteknolojia sitakuchosha. Mwambie atenganishe mambo matatu ambayo mtaani yote huitwa mbegu za maabara. Kuchavusha kwa mkono kama Kihinga ni uzalishaji wa kuchagua wazazi, hakuna jeni iliyohamishwa. Kukuza miche ya migomba kwa tishu kwenye chupa ni kutoa nakala za mmea uleule. Kuhamisha jeni ni jambo la tatu: insulini wanayochoma wenye kisukari hutengenezwa na bakteria au hamira waliopewa jeni ya binadamu, na ya kwanza ya namna hiyo iliruhusiwa kutumika mwaka 1982. Mtihani unapenda sana kuuliza tofauti hizo.

Jumamosi ukimtuma sokoni Mwandiga, mpe na swali hili alifikirie njiani: dura ikichavushwa na tenera, kati ya miche 40 ategemee mingapi ya tenera, na je, atapata pisifera hata mmoja? Akishapata jibu anipigie, na anieleze kwa nini. Nikiridhika na maelezo yake, hela ya tuisheni mnunulieni vitabu vya kemia.

Wasalimie wote.

Wifi yako, Ujiji