Kuhusu ile kazi ya kutembeza mbwa

Kwako mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Wasalimie baba na mama, na baba msomee barua hii yote, maana najua bado haamini kwamba mtu mzima analipwa kwa kumtembeza mbwa wa mwenzake. Mwambie nalipwa, na kodi nalipa.

Ama baada ya salamu, umeniuliza kama biashara hii itakufaa ukija, na sababu uliyonipa ni kwamba unapenda mbwa. Mbwa ukiwapenda ni vizuri, lakini mteja halipii mapenzi hayo. Analipia uhakika kwamba saa sita mchana, yeye akiwa kazini, mlango wake utafunguliwa, mbwa atatoka na kurudi salama, na mlango utafungwa. Ananikabidhi ufunguo wa nyumba yake na kwetu hapajui. Kwa hiyo anza kujiuliza hapo: wewe ni mtu wa kupewa ufunguo? (Funguo za wateja mimi nazitia namba tu, jina na anwani siandiki, ili ufunguo ukidondoka, aliyeuokota asijue ni wa mlango upi.)

Hesabu nayo uipige sawasawa. Matembezi ya nusu saa yanakula karibu saa nzima: kuna njia ya kwenda, kumvalisha mkanda, kumfuta miguu mkirudi, kumwekea maji, kumwandikia mwenyewe ujumbe kwamba amejisaidia na yuko salama, kisha njia ya kwenda nyumba ya pili. Hiyo njia hakuna anayeilipia. Na karibu wateja wote wanazitaka saa zilezile za katikati ya mchana, kwa hiyo huwezi kuongeza kipato kwa kufanya kazi mpaka usiku. Utaongeza kwa kupata wateja wanaokaa karibu karibu, au kwa kutembeza mbwa kadhaa pamoja. Wenyewe wakiwa likizo wanatembeza mbwa wao wenyewe, na wewe mfuko unakauka.

Kutembeza kadhaa pamoja ndiko kunakomtia mtu tamaa, na ndiko kwenye hatari. Mbwa wasiojuana huwakutanishi mlangoni wala kwenye kijia chembamba. Unawatembeza sambamba kwa umbali, mpaka wazoeane. Na usidanganywe na mkia. Watu hudhani mbwa akitikisa mkia amefurahi, kumbe anaweza kuutikisa na bado akauma. Mtazame mwili mzima: akikakamaa ghafla, akafumba mdomo, akageuza kichwa kidogo huku weupe wa jicho ukionekana pembeni, hapo ameshakuonya. Akijilamba midomo au kupiga miayo wakati hana njaa wala usingizi, huenda ana wasiwasi. Usimvute kwa nguvu, mwongezee nafasi, mwondoke bila papara. Kama huna subira ya kusoma mambo madogo namna hiyo huku umeshika kamba tatu na mvua inakunyeshea, sema sasa, hakuna aibu. Kamba zenyewe ziwe za urefu mmoja, mita moja na nusu au mbili hivi. Zile zinazojikunja zenyewe ndani ya kishikio sizitaki hata bure, uzi wake unakata vidole.

Joto ndilo linalonitisha kuliko baridi. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na joto lake la kawaida tayari liko kati ya nyuzi 38 na 39. Wale wenye pua bapa huzidiwa upesi zaidi. Kabla ya kutoka, weka mgongo wa mkono juu ya lami, na kama huwezi kuuacha hapo sekunde 7, nyayo zake nazo zitaungua. Siku hiyo unambadilishia saa au unamtembeza kwenye nyasi, hata mwenyewe akinuna. Njiani macho yawe chini pia, maana mbwa huokota. Chokoleti, zabibu na ubani wa kutafuna (chingamu) usio na sukari vinaweza kumuua.

Upande wa makaratasi sitakuchosha. Ulizia manispaa ya mahali utakapokaa, kwani nyingine hudai leseni na nyingine huweka kikomo cha mbwa ambao mtu mmoja anaweza kuwatembeza kwa pamoja. Kata bima inayomgharamia mbwa aliye mikononi mwako na mtu atakayeumwa na mbwa huyo. Fanya mkataba wa maandishi unaotaja daktari wa mifugo wa kumpigia, nani atalipa, na kama mbwa anaruhusiwa kufunguliwa kamba. Mbwa asiye na chanjo ya kichaa cha mbwa humchukui, hata mwenye mbwa akiapa.

Lakini kinachowashinda wengi ni upweke na ratiba. Siku nzima unaongea na wanyama, na wenye nyumba unaonana nao kwa ujumbe wa simu tu. Ukiugua, kibofu cha mbwa hakikungojei upone, kwa hiyo ni lazima uwe na mtu wa kukushikia. Mteja naye ataahirisha dakika ya mwisho. Wewe unayeona haya hata kudai deni lako kwa binamu, utamwambia bado anadaiwa?

Basi usinunue kitu wala usimwahidi mtu. Kwa mwezi mzima, kuanzia Jumatatu, toka nyumbani saa sita kamili mchana utembee saa moja bila mbwa, mvua au jua, uwe unajisikia au hujisikii. Kisha chagua siku moja umshike mbwa wa jirani kwa ruhusa yake, umtembeze huyo jirani akiwa hayupo. Ukimaliza niandikie ulichokichukia, tena kwa ukweli, nikujibu kama nianze kukutafutia wateja mtaa huu au tufikirie kazi nyingine.

Dada yako akupendaye.