Kwa vijana wa kijiweni: msiharakishe kumwita mtu kibaraka

Wajukuu zangu,

Asalaam aleikum. Juzi usiku nilikaa benchi la nyuma nikiwasikiliza mkibishana habari za uhuru wa Aljeria. Mlipofika kwa Ferhat Abbas, mmoja wenu akasema, "Huyo kibaraka tu," wenzake wakaitikia, mkarukia bunduki na mabomu. Sikutia neno, maana ukiingia kwenye ubishi wenu saa nne usiku, hulali.

Abbas alikuwa mfamasia na mwanasiasa mjini Sétif, huko huko Aljeria. Ni kweli, mwaka 1936 aliandika kwamba amelitafuta taifa la Aljeria katika historia, akauliza walio hai na waliokufa, akafika hadi makaburini, na hakuna aliyempa habari zake. Alitaka Mwaljeria awe Mfaransa mwenye haki kamili. Maneno hayo yanauma, sikatai. Lakini Ufaransa iliyovamia mwaka 1830 ilikuwa imekwisha kuitangaza nchi ile kuwa sehemu yake, ikajaza walowezi waliokuja kukaribia milioni moja, na mwenyeji hana haki kama zao. Abbas alikuwa anadai deni kwa lugha ya mdaiwa.

Akalipwa nini? Mwaka 1943 alitoa Ilani ya Watu wa Aljeria, haikumfikisha popote. Tarehe 8 Mei 1945, Ulaya ikishangilia kushindwa kwa Ujerumani, watu wa Sétif waliandamana na bendera yao. Risasi zikalia. Walowezi kama mia moja wakauawa, kisha jeshi na walowezi wenye silaha wakalipiza kisasi kwa majuma kadhaa, Sétif, Guelma na Kherrata. Maelfu walikufa, Waaljeria wenyewe husema 45,000. Abbas akatiwa ndani.

FLN, chama cha kupigania uhuru, ilipoanza vita tarehe 1 Novemba 1954, hakuwamo. Alijiunga hadharani mwaka 1956, akiwa Cairo. Nyinyi mngemfungia mlango. Wale wa FLN, ilipoundwa serikali yao ya muda Septemba 1958, walimpa yeye urais! Mwaka mmoja nyuma askari wa miavuli wa Kifaransa walikuwa wameuvunja mtandao wa FLN mjini Algiers, na harakati ikahitaji pia watu wa kuisemea Umoja wa Mataifa na kwenye miji mikuu ya dunia. Bunduki zilikuwa lazima, hilo silibishi hata kidogo. Ila hazikutosha.

Na aliyewafungulia mlango watu wa aina ya Abbas, Abane Ramdane, alinyongwa Morocco Desemba 1957. Waliomuua si Wafaransa, ni viongozi wenzake wa FLN. Mbona huyo hamkumtaja?

Uhuru ulipopatikana Julai 1962, wenye bunduki walielekezeana mitutu hata kabla ya kuunda serikali, mpaka raia wakaingia barabarani wakilia kwamba miaka saba imetosha. Abbas akawa spika wa bunge la kutunga katiba. Mwaka uliofuata katiba ikapitishwa na wakuu wa chama ndani ya jumba la sinema, bunge limewekwa kando. Akajiuzulu Agosti 1963. Baadaye serikali ya Rais Ben Bella ikamzuilia Adrar, huko jangwani Sahara. Mfaransa alikwisha kumfunga. Sasa wakamfunga wenziwe.

Ijumaa baada ya Isha nitakuja. Aliyesema kibaraka ndiye atakayenilipia kahawa, na kashata mbili.

Babu yenu wa benchi la nyuma