Majani ya Kunduchi si mwani

Mhariri,

Kila bahari inapotupa majani ufukweni Kunduchi, magazeti yetu huandika kwamba ni "mwani". Mengi ya majani hayo ni nyasi bahari: mimea kamili, yenye maua, matunda na mbegu, inayoishi ndani ya maji ya chumvi.

Kutofautisha si kazi. Maji ya bamvua yakipwa, okota mmea mzima. Nyasi bahari ina shina linalotambaa mchangani, lenye pingili na mizizi. Inua jani juani: kwa aina nyingi mishipa imenyooka sambamba kutoka kitakoni hadi nchani. Mwani hauna mizizi wala mishipa ya namna hiyo. Una kishikizo tu cha kung'ang'ania jiwe, na virutubisho huvifyonza kwa mwili mzima. Rangi isikudanganye, kwa maana jani la nyasi bahari likikauka hugeuka kahawia. Wala umbo: nyasi bahari aina ya Syringodium ina majani ya mviringo kama tambi, na Halophila ovalis ina vijani viwili viwili vya umbo la yai, lakini vuta shina lake uone mizizi.

Hata jina "nyasi" ni la mazoea. Nyasi halisi, pamoja na mpunga na mahindi, zimo katika oda, yaani kundi kubwa la mimea yenye undugu, ya Poales. Nyasi bahari zimo katika Alismatales, oda moja na magimbi! Mwani unaolimwa Zanzibar, Eucheuma na Kappaphycus, ni mwani mwekundu, hauchanui kamwe.

Nyasi bahari huchanua: tazama aina iitwayo Enhalus acoroides. Maua yake ya kiume, madogo na meupe, huchomoka chini na kuibuka juu ya maji kama chembe za mchele. Ua la kike husubiri hapo juu kwenye kikonyo kirefu. Likishapata chavua, kikonyo hujisokota kama springi na kulivuta tunda chini.

Anayetaka kurudishia nyasi zilizoharibika asiige wakulima wa mwani. Kipande cha mwani kikifungwa kambani hukua. Jani la nyasi bahari lililokatika halioti. Panda kipande cha shina chenye ncha inayokua na mizizi yake, ukibane mchangani, la sivyo wimbi la kwanza litakiondoa. Juya la kukokota na nanga hung'oa hilo hilo shina, na mchanga uliokuwa umeshikwa huanza kuhama.

Waandishi wako waandike "nyasi bahari", na wakiwa na shaka wageuze mmea watazame mizizi.

Msomaji wako,
Dar es Salaam