Heri ya Pasaka: mwari wa Best

Ndugu, jamaa na marafiki, Kristo amefufuka! Heri ya Pasaka kwenu nyote, mliomaliza Kwaresima kwa furaha na mliofika leo mkiwa hoi.

Tangu Ijumaa Kuu namfikiria Joe Mann, mzaliwa wa Reardan, jimbo la Washington, Marekani. Alikuwa askari wa miavuli wa Divisheni ya 101 ya jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia. Septemba 1944 walishushwa Uholanzi, na tarehe 18 platuni yake ilikuwa ikijaribu kuliteka daraja la mfereji wa Wilhelmina, karibu na mji wa Best. Wajerumani wakawazingira, wakiwazidi kwa watu na silaha. Mann akanyatia mzinga wa adui, akaulipua kwa roketi, akabaki palepale peupe akifyatua bunduki mpaka akajeruhiwa mara nne.

Wakamfunga bandeji, mikono ikabanwa mwilini. Angelala tu, nani angemlaumu? Yeye akang'ang'ania kurudi mbele, akeshe zamu usiku ule. Asubuhi ya tarehe 19 adui akasogea hatua chache tu kutoka walipo, akirusha mabomu ya mkono. Moja likaanguka karibu naye. Mikono haikuweza kuinuka. Akapaza sauti kuwaonya wenzake, kisha akajitupa juu ya bomu lile kwa mwili wake. Alikuwa na miaka 22.

Agosti 1945 Marekani ilimtunuku Medali ya Heshima, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa, naye hayupo kuipokea. Mwaka 1956 akajengewa mnara pale Best, wenye sanamu ya ndege mwari (pelikani) na makinda yake. Wakristo wa kale walisimulia kwamba mwari hujitoboa kifua awanusuru makinda kwa damu yake, ndiyo maana wakamfanya alama ya Kristo makanisani. Mimi mwari huyo ananigusa kuliko medali. Sioni cha kusherehekea katika vita, lakini upendo wa kijana yule kwa wenzake nitausimulia kila Pasaka.

Na ile mikono iliyofungwa hainitoki akilini. Wengi wetu tumeingia sikukuu hii tukiwa hivyo hivyo: ada ya shule haijatimia, mgonjwa yuko wodini, kazi imeota mbawa. Tunajiona hatuna cha kumpa mtu. Jamani, sauti bado tunayo. Kumpigia simu aliyefiwa tunaweza, na kukesha na mwenye mgonjwa pia.

Kwa familia ambazo kijana wao alikwenda kulinda amani akarudi ndani ya jeneza lenye bendera, poleni sana. Leo kanisani tumewaombea.

Walio jirani, karibuni kwetu Jumatatu ya Pasaka. Pilau ipo, na asiye na nauli aniambie mapema.