Jedwali Lako Sitalijaza

Isyonje, Mbeya

Mpendwa Sekela,

Hamjambo huko Dar? Huku baridi ya Juni imeshika kwelikweli. Juzi tuliamka tukakuta sakitu imelala juu ya majani ya viazi, weupe mtupu, na shamba la bondeni limeungua. Vitenge ulivyotuma na basi vimefika salama, ndaga fijo, asante sana. Mama amekwisha kujifunga kimoja na kimoja amekiweka sandukuni.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema vijana wako wa kidato cha pili wanakubana wakitaka uwaambie itikadi ipi ni bora, na umechora jedwali ubaoni, ubepari safu moja, ujamaa safu nyingine, ukomunisti, na ile ya nchi za Skandinavia, kama Uswidi, pembeni. Unataka nikusaidie kujaza faida na hasara. Tena nakumbuka tulipokutana msibani ulisema mbele za watu kwamba tangu nianze kulima viazi nimekuwa bepari. Neno lile limenikaa moyoni, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa kirefu.

Jedwali sitalijaza. Nitakusimulia lumbesa.

Unajua gunia linavyofungwa hapa barabarani. Wapakiaji wanalijaza mpaka mdomoni, halafu wanashonea kipande cha gunia lingine juu, wanasuka kamba huku na huku, wanapachika kiazi kimoja kimoja kwenye matundu na kukisukuma kwa goti, mpaka juu panatokea kichuguu. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. Mwezi uliopita tuliliweka moja kwenye mzani likasoma 138. Bei lakini ni ya gunia, si ya kilo. Zile kilo 38 ni mbolea yangu, ni vibarua wangu, ni mgongo wangu, na zimepanda fuso bure.

Jirani yangu, mjane, aliuza hivyohivyo. Nilimuuliza kwa nini hakukataa. Akaniambia, "Mwalimu, viazi vimeshachimbwa, ada ya mtoto wanaidai Jumatatu. Nikatae niende navyo wapi?"

Sekela, tangu siku ile kila itikadi naiuliza swali la yule mama: mwenye gunia anaweza kukataa na kesho bado akaishi?

Ukianza na Adam Smith, ambaye vitabu vyetu vinamfanya baba wa ubepari, utashangaa kwamba mwaka 1776 alikwisha kuliona jambo hili. Aliandika kwamba tajiri na wafanyakazi wakigombania ujira, tajiri anaweza kukaa mwaka mzima au miwili bila kazi kufanyika, ila wafanyakazi wengi hata wiki moja hawaivuki. Aliandika pia kwamba wafanyabiashara wa kazi moja wakikutana ni nadra mazungumzo yasiishie kwenye njama ya kupandisha bei. Soko alilolisifu lilikuwa lile lenye wanunuzi wengi wanaoshindana. Hapa kwetu kuna siku anakuja dalali mmoja, na watu bado wanaliita soko huria. Karl Marx, ambaye wakomunisti humfuata, alikuja miaka karibu mia baadaye, akalichukua jambo hilohilo akalifikisha mwisho: asiye na kitu ila nguvu zake hana uhuru wa kukataa kuziuza. Hapo namwamini kabisa. Namwacha pale wafuasi wake walipodhani kwamba ukimwondoa tajiri na kumweka mnunuzi mmoja wa serikali, mkulima ameokoka. Mnunuzi mmoja ni mnunuzi mmoja, awe amevaa suti au kaunda suti.

Wewe na mimi hilo tulilala nalo miaka miwili bila kulifikiria. Chuo chetu cha ualimu pale Iringa kilipewa jina la Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa aliyepigwa risasi Ismani, mkoani humo humo, siku ya Krismasi mwaka 1971. Aliyempiga, Saidi Mwamwindi, alikuwa mkulima wa mahindi. Waligombana kwenye shamba lake mwenyewe, wakati ule serikali ilipokuwa ikisukuma mashamba ya ujamaa Ismani. Mwamwindi akaupeleka mwili polisi yeye mwenyewe, na baadaye akanyongwa. Mwalimu gani alitusimulia habari hii, Sekela? Tuliimba, tukafagia, tukafanya mitihani chini ya jina lile. Siandiki haya kuhalalisha damu. Naandika kwa sababu vijana wako wanastahili kujua kwamba neno "ujamaa" lilipofika kwenye shamba la mtu lilikutana na mtu, na kwamba miaka miwili baadaye, Novemba 1973, kuishi vijijini kukawa amri. Azimio la Arusha la 1967 lilizungumza utu na usawa. Amri haikumwachia mtu nafasi ya kusema hapana. Na ushirika, ambao wakulima waliujenga tangu enzi za mkoloni, ulifutwa mwaka 1976, ukaja kurudishwa kwa sheria ya 1982.

Lakini muulize mama yangu, naye hatakubali niishie hapo. Yeye anazikumbuka kwa upendo siku za bei moja nchi nzima. Mahindi ya Mbeya yalinunuliwa kwa bei ileile ya mahindi ya karibu na Dar, kilomita zaidi ya 800 na nauli ikabebwa na serikali, na mbolea ilikuwa na ruzuku. Nyanda zetu za Juu Kusini zikawa ghala la taifa kwa sababu hiyo. Reli ya TAZARA nayo, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, haikujengwa na mtu aliyekuwa anatafuta faida. Wenye hela wa Magharibi waliikataa, Wachina wakatoa mkopo usio na riba. Kisha yakaja makubaliano na IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, mwaka 1986, bei moja ikaondoka, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ruzuku nayo ikaondolewa. Mkulima wa mbali ghafla akalipa umbali wake mwenyewe. Hapo mama anasema, "Walituambia tuko huru, barabara ikawa ileile ya matope."

Ndiyo maana sifurahi ukiniweka safu ya bepari, wala safu nyingine nisingekaa.

Kuna habari moja ya China naomba uwasomee wanafunzi. Mwaka 1978, kijiji cha Xiaogang, mkoa wa Anhui, wakuu wa kaya 18 walikutana kwa siri wakagawana shamba la pamoja, kila kaya ilime chake. Wakatia alama za vidole, na wakaapa kwamba mwenzao akifungwa au kuuawa, waliobaki watawalea watoto wake. Vijijini kama hivyo watu walikuwa wamezika ndugu wengi kwa njaa miaka ya 1959 hadi 1961. Hebu fikiria, wanakimbia shamba la pamoja kwa kiapo cha pamoja! Utaiweka kwenye safu ipi hiyo?

Skandinavia usiwaambie kwamba ni ujamaa. Viwanda vingi vya Uswidi ni vya watu binafsi tangu zamani. Tofauti ni kwamba vyama vya wafanyakazi vina nguvu. Mwaka 1938 walikaa na waajiri pale Saltsjöbaden wakawekeana utaratibu wa kupatana, na mpaka leo hakuna sheria ya kima cha chini cha mshahara, wanapangiana wenyewe mezani. Mfanyakazi wa kule anaweza kukataa. Ufashisti utaupima kwa swali hilohilo: Mussolini wa Italia aliacha mali mikononi mwa wenye mali, lakini mwaka 1926 akapiga marufuku migomo.

Mimi, ukinibana, moyo wangu uko na wale wafanyakazi 28 wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao la ushirika mwaka 1844 wakaahidi unga safi na uzani kamili. Uzani kamili, Sekela. Nami nisingeomba zaidi ya hapo.

Sasa nikwambie tulichofanya. Kikundi chetu tuko 22, tumenunua mzani. Dalali ametuma ujumbe kwamba yeye hanunui kwa kilo. Basi tumekubaliana hatuchimbi. Viazi vikishatoka ardhini havingoji, lakini vikiwa kwenye tuta ambalo halijaguswa vinaweza kuvumilia wiki kadhaa. Ada ya mtoto wa yule mjane tumeitoa kwenye VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, atarudisha akiuza. Jana jioni nimepita mashambani kote, matuta yamefunikwa, hakuna aliyeingiza jembe. Watu wana hofu, na mimi nina hofu, maana sakitu ikirudi tutapoteza.

Fuso linapita Jumanne. Nitakuandikia limeondoka na nini.

Wako akupendaye,
Atupele